Lita ya Pili

Ogwal alikuwa karani wa mahakama huko Lango, kaskazini mwa Uganda, na katika miaka kumi na tisa hakupokea hata kuku mmoja wa kumpindishia kalamu. Ogwal akamzaa Oyet, sajini wa magereza, ambaye siku ya kustaafu alirudisha bunda la funguo likiwa limetimia, pamoja na ufunguo wa choo. Oyet akamzaa Odur, mpelelezi wa polisi kwa miaka thelathini na mmoja, aliyewatumikia wakubwa wa kabla ya vita na wakubwa waliokuja mwaka wa themanini na sita, na faili lake halikutiwa wino mwekundu na hawa wala wale. Katika ukoo huo hapakuwa na mtu aliyewahi kusimama mbele ya meza ya mwajiri kujibu shitaka.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi, mwaka wa 2011, Mzee Odur alipanda ngazi za jengo moja la Nakasero, Kampala, huku fimbo yake ikigonga kila kipandio. Mjukuu wake, Lakica, alikuwa amesimamishwa mbele ya meza.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta nne. Ilikuwa siku yenye umeme. Taa tatu ziliwaka mchana kweupe, na feni ilizungukia kiti kisicho na mtu. Odur alizitazama taa kwanza, kisha akamtazama mwenye ofisi.

"Hapa ndipo mnapowafundisha watu kubana umeme?"

"Karibu, mzee. Keti," alisema Khisa Sylvanus, Mkenya wa Bungoma, mwenye shati lililopigwa pasi na macho yasiyolala. "Leo sina nafasi ya mzaha. Kesho saa tatu asubuhi wafadhili wanakuja kuiona tovuti. Ukurasa wa jikoni haupo. Umefutwa. Mashine inasema: Jumanne, saa nane na dakika ishirini, jina Lakica."

"Nakala?"

"Ilikuwa kwenye diski. Ikafutwa dakika moja baadaye."

"Kwa jina lilelile?"

"Lilelile. Mimi siongezi neno juu. Kesho saa tatu nikisimama mbele ya wageni bila jikoni, saa tatu unusu nampeleka huyu kituoni."

Lakica alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Hakulia. Alisimama mikono nyuma, kama alivyofunzwa.

"Ukurasa ni kitu gani?" Odur alimwuliza. "Nieleze kama unavyomweleza hakimu."

"Ni mchezo wa kufundishia, Babu, unaochezwa kwenye tovuti. Mchezaji anapewa nyumba yenye mita ya umeme, na kila chumba ni ukurasa wake. Anachagua: apike kwa koili ya umeme au kwa sigiri ya mkaa, friji aizime usiku au aiache, nguo azipige pasi mojamoja au zote kwa pamoja. Uniti zikiisha kabla ya mwezi kwisha, nyumba inakuwa giza na ameshindwa. Jikoni ndiko umeme mwingi unakoliwa. Pale niliweka mistari thelathini ya matumizi, mmoja kwa kila siku ya mwezi uliopita, kutoka nyumba ya kweli. Nyumba ya Mama Maimunah, Kisenyi."

"Namba ulizipata wapi?"

"Kwa Dolphine."

Dolphine Awiti aliinua kichwa kutoka pembeni. Alikuwa binti Mjaluo kutoka ng'ambo ya mpaka, mnyenyekevu wa sauti, na mbele yake palikuwa na madaftari kumi na mawili yaliyofunikwa kwa gazeti kama ya shule.

"Nyumba kumi na mbili, mzee. Kila siku nazizunguka kusoma mita. Muulize kiatu changu."

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Kisenyi, tangu asubuhi hadi saa kumi. Angalia mwenyewe."

Odur alilichukua daftari. *Jumanne, saa nane mchana, Mama Maimunah, uniti mbili na nusu.* Mwandiko ulikuwa safi, usio na doa la jasho wala la mvua. Alilirudisha.

"Nawe, Lakica?"

"Niliondoka hapa saa saba na nusu, nikaenda soko la Owino kupiga picha za majiko, ili niyachore yalivyo. Dolphine anajua. Asubuhi ile, kabla hajatoka, nilimwambia kwamba jikoni nitaongeza siku za giza, zisizo na umeme, juu ya mistari, mchezaji aone siku gani ilimlazimu kuwasha mkaa. Akasema ni wazo zuri."

"Ni wazo zuri," alisema Dolphine.

"Hizo picha zina saa?"

Lakica alimpa kamera. Odur alivaa miwani. Picha kumi na nne za majiko, na nyuma ya majiko ukuta uliochorwa mistari ya chaki. Pembeni mwa kila picha iliandikwa tarehe: Januari mosi, mwaka wa 2007.

"Mwaka wa 2007 ulikuwa shuleni," alisema Odur.

"Haikuwahi kurekebishwa, Babu. Kamera ni ya ofisi."

"Ofisi yenye kompyuta nne, na hakuna aliyeweza kurekebisha saa." Aliiweka kamera mezani kwa nguvu kuliko alivyokusudia. "Ukurasa huo hauwezi kuandikwa upya?"

"Namba na vipimo ninavyo kwa penseli. Ulinikataza nisiguse wino kabla ya penseli. Karatasi iko nyumbani Kyambogo."

"Karatasi!" Khisa aliguna.

"Nenda kailete," Odur alimwambia mjukuu wake. "Usiikunje."

Alipogeuka ndipo alipoliona tangazo lililobandikwa ukutani, juu ya kompyuta iliyo karibu na dirisha. SIKU YA GIZA: MASHINE MOJA TU. USIZIME. MWACHIE MWENZAKO. Alilisoma mara mbili.

"Hili ni nini?"

"Stima ikipotea tunawasha jenereta," alisema Khisa. "Petroli ni ghali. Tunatumia mashine moja kwa zamu, na kuiwasha upya kila mara ni hasara."

"Jumanne ilikuwa siku ya giza?"

"Mji wote, mzee."

"Kwa hiyo mmoja akiondoka na mwingine akikaa, huyu wa pili anaandika kwa jina la nani?"

Khisa alikohoa. "La aliyefungua."

"Na hilo hukunieleza."

"Hukuniuliza, mzee."

Odur alivuta pumzi kwa pua. Wahalifu aliwahi kuwahoji kwa mamia. Watu waliokalia ushahidi kama mto wa kiti walimchosha zaidi. "Jumanne saa nane, nani alikuwa hapa?"

"Mimi nilikuwa hotelini na wafadhili tangu saa sita, watu sita watakushuhudia. Dolphine alikuwa Kisenyi. Anabaki mmoja."

Chini, ubavuni mwa jengo, jenereta ilikuwa imefungwa kwa mnyororo, na aliyeilinda ni Akidi, mke wa askari polisi, mwenyeji wa Kitgum. Alipomwona Odur alisimama wima.

"Jambo, afande!"

"Jambo. Una kitabu cha jenereta?"

Akidi alikitoa chini ya kiti. Jumanne ilikuwa na mistari miwili: saa sita kamili, lita moja, saa nane kamili, lita moja.

"Hii ya saa nane, nani aliomba?"

"Mimi hapana andika watu, afande. Mimi naandika lita."

"Lakini mtu aliomba."

"Sauti ilitoka dirisha: Akidi, weka ingine! Mimi naweka."

"Sauti ya nani?"

"Ya mwanamke. Jenereta inapiga kelele. Hata mama yangu akiniita hapa, siwezi jua ni yeye."

"Ulimwona Lakica akitoka saa saba na nusu? Au mwingine akiingia?"

"Saa saba mimi nakwenda kula, pale nyuma. Saa nane narudi."

"Na mlango unauacha?"

"Mlango hapana kula petroli, afande."

Odur alifunga daftari lake la mfukoni. Saa mbili za kazi, naye alikuwa ameambulia sauti isiyo na kichwa. Hata hivyo alilifungua tena akaandika: lita ya pili, saa nane kamili. Dakika ishirini baadaye ukurasa ulifutwa. Aliyeomba lita ile ndiye aliyekaa kwenye kiti kile. Ilibaki kujua kama Lakica wakati huo alikuwa Owino kweli.

Owino ilimmeza kwa saa nzima. Mtu wa mabeseni alimwelekeza kwa watu wa masufuria, watu wa masufuria wakamwelekeza kwa watu wa mitumba, na watu wa mitumba wakajaribu kumuuzia koti. Mwishowe aliutambua ukuta wa kwenye picha, na mbele yake mtu aliyevaa miwani myeusi akichomelea jiko, cheche zikiruka. Odur aliita mara nne.

"Sema, mzee!" Mtu yule, Ondiek, aliinua miwani.

"Umewahi kumwona msichana huyu, mwenye kamera?" Odur alimwonyesha picha ya Lakica.

"Wenye kamera ni wengi. Wanapiga picha, hawanunui."

"Mtazame vizuri."

"Nimemtazama. Labda. Wiki hii, wiki iliyopita... Mzee, stima iko leo na kesho haijulikani. Niachie nifanye kazi."

Odur hakuondoka. Alielekeza fimbo kwenye ukuta. "Chaki hii ni ya nini?"

Hapo Ondiek alizima mashine. "Hiyo ni siku za giza. Bila stima, hii mashine inalala. Kila siku ya giza natia mstari na tarehe chini yake, ili mteja asije akasema nimechelewesha jiko lake kwa uvivu." Alicheka. "Ahaa! Yule! Yule alikaa kwenye ndoo hiyo akaniuliza habari ya chaki. Akaomba niongeze sauti ya redio ya betri, habari ya saa nane ilikuwa inaanza."

"Siku gani?"

"Siku ya giza. Kungekuwa na stima ningekuwa nimevaa miwani, ningemwonea wapi?"

"Siku ya giza ipi?"

Ondiek aliugeukia ukuta. Mistari ya wiki hii ilikuwa miwili: Jumapili na Jumanne. "Jumapili mimi huwa kanisani. Ni Jumanne."

Odur aliandika maneno hayo na kumpa kalamu. "Tia sahihi."

"Mzee, mambo ya polisi mimi sitaki."

"Mimi si polisi tena."

"Basi sahihi ya nini?"

"Ili kesho usije ukasema hukusema."

Ondiek alitia sahihi na alama ya masizi juu yake. Odur alibaki ukutani, akinakili tarehe zote za giza za mwezi uliopita. Zilikuwa kumi na tatu.

"Nyumba za Kisenyi, hapo nyuma," aliuliza, "umeme wao unatoka nguzo gani?"

"Hiyohiyo, mzee. Mimi nikilala, wao wanalala."

Nyumba ya Mama Maimunah haikuwa mbali. Nje ya mlango Odur alisikia redio ikiimba. Alibisha. Redio ilinyamaza ghafla, na juu ya bati kitu kikaburutwa.

"Umeme hapa hakuna!" sauti ya mwanamke ilitoka ndani. "Tunatumia mshumaa!"

"Mama, mimi si mtu wa umeme."

"Wote mnasema hivyo!"

"Nina miaka sabini na moja."

"Siku hizi wanatuma hata wazee! Banange, nendeni mkatafute matajiri!"

Odur alibisha tena. Mlango wa jirani nao ukafungwa kwa komeo, na wa tatu, na wa nne, mpaka mtaa mzima ukawa kimya kama makaburi. Alikaa kizingitini, akaweka fimbo magotini.

"Mama," alisema kwa mlango uliofungwa, "mimi ni Odur, mwana wa Sajini Oyet wa magereza. Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wangu, anayesingiziwa. Siondoki."

Ndani hatua zilisogea mlangoni.

"Oyet wa funguo?"

"Huyo."

Komeo likatoka. Mama Maimunah alikuwa Mnubi mnene wa makamo, mikono imejaa unga. "Baba yangu alikuwa askari chini yake, tulikaa kambi moja. Mbona hukusema tangu mwanzo? Ingia, mzee, ingia. Lakini utakachokiona humu usiniponze nacho."

"Sitakuponza."

"Apa."

"Neno langu linatosha."

Aliingia, akatazama. Palikuwa na koili, pasi, redio na balbu mbili. Ukutani, mahali pa mita, palining'inia kalenda ya msikiti. Aliutazama waya ulioingia kwa tundu la dari, akaelewa mtaa ule ulikuwa unaogopa nini.

"Kuna binti Mkenya, mwenye daftari. Huja hapa kila siku?"

"Alikuja mara moja, mwezi wa juzi. Akauliza mita iko wapi. Nikamfungia. Mtaa wote ulimfungia. Mtu mwenye daftari anayeuliza mita, sisi tunamjua ni mtu wa kukata waya."

"Jumanne?"

"Hajakanyaga tena."

Odur alisimama. "Waya ule utawachoma wajukuu zako. Nenda ukaombe mita kama watu."

"Nitakwenda, mzee."

"Nitarudi kuangalia."

Njiani kurudi Nakasero alitembea polepole kuliko kawaida. Alikuwa na ushahidi wa kumaliza kesi kwa sentensi moja: nyumba ile haikuwa na mita kabisa. Sentensi hiyo hakuweza kuitamka, kwa sababu alikuwa ametoa neno. Ilibidi apite njia nyingine, nayo ilikuwa mfukoni mwake: tarehe alizonakili kwenye chaki ya Ondiek.

Saa kumi na moja jioni wote wanne walikuwa ofisini. Taa tatu bado ziliwaka. Lakica alikuwa ametandaza karatasi yake ya miraba mezani, haikukunjwa. Mistari thelathini ya penseli ilisimama juu yake, mmoja mrefu kidogo, mmoja mfupi kidogo, bila hata pengo moja.

"Bwana Khisa, soma hii." Odur alimpa ushuhuda wa Ondiek.

Khisa aliusoma. "Mtu wa majiko anaweza kununuliwa kwa chai na mandazi, mzee."

"Sawa. Dolphine, binti yangu, mistari hii umeikusanya wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa kusoma mita, kila siku?"

"Kila siku."

"Shika penseli. Nitakutajia tarehe, nawe utie alama chini ya mstari wake. Tarehe mbili."

Dolphine alitia alama.

"Tarehe nne. Tarehe saba. Tarehe tisa."

Alitia, moja moja.

"Tarehe kumi na mbili. Tarehe kumi na nne."

Kwenye ya kumi na nne penseli ilitua, lakini haikuandika.

"Endelea. Zimebaki saba."

"Hizi ni tarehe za nini, mzee?"

"Wewe waniuliza mimi? Ulikuwa mtaani kila siku kwa kiatu chako. Hizi ni siku ambazo, kwa chaki ya Ondiek, nguzo ya Kisenyi ililala tangu asubuhi hadi asubuhi. Siku kumi na tatu. Katika siku hizo zote, karatasi hii inasema Mama Maimunah alitumia uniti mbili, mbili na nusu, tatu. Alitumia umeme gani? Jumanne juzi pia ilikuwa ya giza, na daftari lako linasema mbili na nusu. Saa nane mchana."

Feni ilizunguka. Khisa alilivuta daftari, akalifunua, akarudi nyuma kurasa mbili, akalifunga.

"Walinifungia milango," alisema Dolphine. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Milango kumi na miwili. Walidhani nimetumwa kuwakata. Nilimwambia Khisa."

"Nilikwambia ujaribu tena!"

"Ulisema nisirudi bila namba! Nikaandika namba. Hakuna aliyeuliza. Mpaka Jumanne Lakica aliposema ataweka siku za giza juu ya mistari. Angeziweka, kila mtu angeona."

"Ndipo ukarudi hapa Akidi alipokwenda kula," alisema Odur. "Ukakuta mashine inawaka kwa jina la mwenzako, lita ya kwanza inakaribia kwisha. Ukaita dirishani."

"Nilitaka dakika ishirini tu." Alimgeukia Lakica. "Sikujua jina lako lingetokea. Wallahi sikujua."

"Tangu jana asubuhi, Khisa alipolisoma jina langu, umejua," alisema Lakica. "Ulikuwa umekaa pale pale."



Khisa alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeponea chupuchupu. "Haya! Tumemjua, yamekwisha. Lakica, keti uinakili karatasi yako. Kesho saa tatu jikoni itakuwepo."

"Na namba zake?" Odur aliuliza.

"Mzee, wafadhili wanatoka mbali. Chaki ya Owino wataijulia wapi?"

Fimbo ya Odur ilipiga sakafu, na penseli ikaruka mezani. "Asubuhi ulitaka kumpeleka mtoto huyu kituoni kwa jambo asilolifanya. Jioni hii hii unataka atie jina lake kwa hiari chini ya umeme usiokuwepo! Chukua karatasi. Andika: Mimi, Khisa Sylvanus, nimefuta shitaka langu dhidi ya Lakica. Tarehe. Saa. Sahihi."

Khisa aliandika.

"Dolphine, nawe andika ulichofanya, tangu mlango wa kwanza. Kesho utawasomea wageni wewe mwenyewe."

"Watatufukuza, mzee," alisema Khisa. "Mradi wote utakufa."

"Huenda."

Lakica alikuwa tayari amekwisha kaa mbele ya kompyuta. Aliifungua kwa jina lake, akasita, kisha akachora miraba thelathini mitupu mahali pa mistari, na chini yake akaandika: *Nyumba hii haikutufungulia mlango.* Juu yake akaanza kupanga siku za giza, na Dolphine, bila kuambiwa na mtu, akasogeza kiti akamsomea tarehe kutoka kwenye daftari la Odur.

Odur alikwenda ukutani akazima taa mbili kati ya tatu, akaizima na feni. Kisha akawageukia wasichana wale wawili.

"Simameni. Simameni wote wawili, nami nisikilizwe. Ogwal aliandika aliyoyaona, Oyet alihesabu funguo zilizokuwepo, nami sikuwahi kumpeleka mtu mahakamani kwa namba ya kubuni. Ninyi mna mashine ambazo sisi hatukuziota. Sawa. Lakini mlango ukifungwa mbele yenu, andikeni kwamba umefungwa, tarehe na saa, na msiandike chochote kingine. Na wewe, Lakica, kiti chako usikiache wazi tena. Nimeeleweka? Jibuni kwa sauti."